Hakuna Mzawa wa Dijitali

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika vyuo vinavyofundisha kwa njia ya mtandao, ni vigumu kupata inayokubalika kwa wepesi, na kuleta hasara, kama ile inayodai kwamba mhadhiri akishajua mwaka aliozaliwa mwanafunzi, ameshajua namna ya kuwasiliana naye. Kwa mujibu wa imani hiyo, kijana wa miaka ishirini apewe video fupi, emoji na ujumbe usiozidi mistari miwili, ilhali mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka hamsini, aliyejiunga na shahada baada ya miongo miwili kazini, apigiwe simu na kuvumiliwa kwa kuwa teknolojia si ya wakati wake. Imani hii ina sura ya huruma, lakini kiini chake ni uvivu wa kitaaluma, na kwa lugha ya wazi ni ubaguzi wa umri uliovikwa joho.

Chimbuko lake linafahamika. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, aliwagawa watu katika makundi mawili: “wazawa wa dijitali”, yaani waliokulia kati ya kompyuta na michezo ya video, na “wahamiaji wa dijitali”, yaani waliovikuta vyombo hivyo ukubwani na ambao, kama mtu ajifunzaye lugha ya ugenini, hubaki na lafudhi ya kwao. Sitiari hiyo ilipendeza, ikaenea haraka kuliko ushahidi wake. Mwaka 2008 Sue Bennett na wenzake wa Australia waliipitia na kuonyesha kwamba ilisimama juu ya madai zaidi kuliko utafiti, na upimaji wa kimataifa wa stadi za kompyuta na habari uliofanywa mwaka 2018 kwa wanafunzi wa darasa la nane katika nchi kadhaa, zikiwemo Denmark, Ujerumani na Korea Kusini, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 2 tu ndio waliofikia ngazi ya juu kabisa. Kutelezesha kidole juu ya kioo cha simu ni jambo moja, na kupima uaminifu wa chanzo cha habari ni jambo jingine.

Kosa la pili ni la jiografia. Orodha ya vizazi inayorudiwarudiwa katika mijadala hii imeagizwa kutoka Marekani, ambako waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 huwekwa fungu moja kwa sababu idadi ya watoto waliozaliwa ilipanda sana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtu wa Kigoma wa umri huohuo alipita katika historia nyingine kabisa: Uhuru, Azimio la Arusha la 1967, kampeni ya elimu ya msingi kwa wote iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, kisha soko huria. Hata mwanasosholojia Karl Mannheim, ambaye insha yake ya 1928 ni msingi wa nadharia ya vizazi, alisisitiza kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi kimoja mpaka washiriki matukio yaleyale. Wala wazo hilo halikuhitaji kusafiri kutoka Ujerumani, kwa kuwa limo ndani ya neno rika: kwa Wamaasai, rika moja huwakusanya vijana waliopishana umri kwa miaka kadhaa, na kinachowaunganisha ni kupita jando katika kipindi kimoja. Kwa kipimo hicho, wote waliofungua mfumo wa masomo kwa mara ya kwanza wiki moja ni rika moja, awe wa miaka kumi na tisa au hamsini na tisa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikia, pamoja na wengine, watu wazima walio kazini. Mama anayesoma humo huku akitunza hazina ya kikoba, akipokea michango ya wanachama kwa simu na kuitolea hesabu katika kundi la WhatsApp, si mhamiaji popote. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, watu wa makamo walijifunza kuitumia kwenye viswaswadu bila semina ya vizazi. Kijana mwenye maelfu ya wafuasi, kwa upande wake, anaweza kumtumia mhadhiri barua pepe isiyo na jina, isiyo na namba ya usajili, na yenye kiambatisho kilichosahaulika.

Umri una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya adabu. Mhadhiri wa miaka thelathini anapofundisha mwanafunzi wa miaka sitini, haijulikani ni nani amwamkie mwenzake shikamoo kwenye kundi la darasa, na kundi lenye watu mia likiamkiana mmoja mmoja kila asubuhi, tangazo la mtihani huzama chini ya marahaba. Jambo hili humalizwa kwa kanuni moja ya siku ya kwanza: salamu moja kwa wote kundini, na shikamoo ibaki kwenye mazungumzo ya wawili.

Mtaalamu wa elimu ya masafa, Michael Moore, alieleza kwamba umbali unaomtenga mwanafunzi na mwalimu wake si wa kilomita bali ni pengo la kuelewana, na kwamba pengo hilo hutegemea mambo matatu: kiasi cha mazungumzo, ugumu au ulegevu wa mpangilio wa somo, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza. Mwaka wa kuzaliwa haumo. Tazama tangazo la kawaida: “Mwisho wa kupakia kazi ni Ijumaa saa 12:00.” Aliyezoea saa za Kiswahili atasoma saa kumi na mbili jioni, aliyezoea saa za Kiingereza atasoma adhuhuri, au usiku wa manane, na mwenye bando la usiku pekee atatumaini kwamba ni usiku. Wanafunzi watatu watakosea kwa namna tatu, na hakuna hata mmoja atakayekosea kwa sababu ya umri. Akichelewa mzee, patasemwa teknolojia imempita. Akichelewa kijana, patasemwa vijana wa siku hizi hawako makini. Mwandishi wa tangazo atabaki salama.

Vyuo vinavyotaka kuwajua wanafunzi wao viwaulize, wiki ya kwanza, wanatumia chombo gani, wanapata bando na muda saa ngapi, na kama waliwahi kupakia kazi kwenye mfumo wowote. Na mhadhiri anayesoma makala hii huku akiwa na tangazo ambalo hajalituma, alifungue tena, aandike kama ni saa kumi na mbili jioni au saa sita, na kama ni saa sita, ya mchana au ya usiku.