Dereva Aliyechoka na Bosi Mwenye Haraka: Dhamana ni ya Nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ni mahali pasipolala. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, Zambia na Kongo hupita hapo, na yarudiayo na shaba hupita hapo pia, mbele yao ukiwasubiri mteremko wa Kitonga. Tulipokuwa safarini tulisali Alfajiri hapo, na baada ya sala dereva mmoja akatuuliza: "Shekhe, bosi anataka mzigo ufike leo, na mimi sijalala tangu jana. Nikiua mtu njiani, dhambi ni yangu au yake?"

Suala hili si la kupuuzwa. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria na zaidi ya watu 40 wakafariki. Barabara ni hiyo hiyo.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imewekea magari mazito ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito imeweka tani 56 kuwa ukomo wa gari na mzigo wake. Mizani, kama ile ya Wenda, imewekwa kwa ajili hiyo.

Wapo wasemao kuwa hizo ni sheria za serikali tu, hazina uhusiano na dini. Hilo si sahihi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu (Majmau l-Fiqhi), katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliamua kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisheria, kwa kuwa zinalinda maslahi ya watu. Basi anayemhonga mpima mizani amekusanya mawili: rushwa na kuhatarisha roho za watu.

Tukirudi kwenye suala la dereva, mafakihi hutofautisha baina ya mtendaji (mubashir) na msababishaji (mutasabbib). Asili ni kwamba dhamana iko kwa mtendaji. Bosi akimficha dereva ubovu wa breki, na dereva hakujua wala hakuzembea, dhamana humhamia bosi, kwani yeye ndiye aliyevuka mpaka. Ama dereva anayejua kuwa amezidiwa na usingizi kisha akashika usukani, naye amevuka mpaka. Amri ya bosi haimtoi kwenye dhamana, ingawa bosi naye anabeba dhambi ya kumshurutisha. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Na asidhani mtu kuwa kuua kwa kukosea ni jambo jepesi. Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa imewajibisha diya kwa warithi, isipokuwa wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo.

Mtume (S.A.W.) amemwelekeza anayesinzia ndani ya sala akalale kwanza. Ikiwa sala inasubiri usingizi umtoke mtu, vipi mzigo usisubiri?

Kwa hiyo tulimwambia ndugu yetu: egesha, lala, kisha mpigie bosi umweleze. Akikutishia kazi, riziki iko kwa Allah. Wamiliki nao wapange ratiba inayomruhusu binadamu kulala, na breki zikaguliwe kabla ya safari. Na maimamu wa misikiti ya njiani wayaseme haya kwenye khutba, kwani wasafiri hawa ni maamuma wao, japo kwa sala moja.

Wallahu a'lam.