UCHANGANUZI: Florida State na funzo la talanta isiyopewa muda

WAHENGA walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni rahisi kuikimbilia methali hiyo mtu anapotafakari yaliyoisibu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State mnamo mwaka wa 2024. Timu hiyo ilianza msimu ikiwa imeorodheshwa ya 10 kwa ubora miongoni mwa timu zote za vyuo nchini Marekani. Iliumaliza ikiwa imeshinda mechi mbili pekee na kupoteza kumi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, timu iyo hiyo, chini ya kocha yuyo huyo, ilikuwa imecheza mechi 13 mfululizo bila kushindwa hata moja. Je, ni sifa tu zilizomlevya mgema, au kuna jambo jingine lililofichika nyuma ya anguko hilo?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, inafaa kueleza kwamba futiboli ya Kimarekani ni binamu wa raga. Timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, nao husukumana, kukimbia na kurusha mpira wa umbo la yai hadi wafike mwisho wa uwanja wa wapinzani. Vyuo vikuu vya Marekani huuthamini mno mchezo huu. Baadhi ya viwanja vya vyuo hivyo huketisha zaidi ya watu 100,000, na makocha wakuu hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka.

Katika ulimwengu huo, Florida State, chuo kilicho Tallahassee, mji mkuu wa jimbo la Florida, si limbukeni. Kimewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa mara tatu, yaani katika misimu ya 1993, 1999 na 2013. Ndiyo maana msimu wa 2024 uliwaacha mashabiki wake vinywa wazi. Tangu mwaka wa 1974, timu hiyo ilipopata ushindi mmoja pekee, haikuwa imewahi kufanya vibaya kiasi hicho.

Jeraha la 2023

Ili kuuelewa msimu huo, sharti turejee Novemba 2023. Florida State ilikuwa ikielekea kuumaliza msimu bila doa wakati Jordan Travis, aliyeongoza mashambulizi yake, alipovunjika mguu katika mechi dhidi ya North Alabama. Mchezaji wa nafasi yake ndiye hupokea mpira kwanza na kuamua iwapo ataurusha mbali, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Kumpoteza mtu kama huyo ni sawa na jahazi kupoteza nahodha wake katikati ya bahari.

Hata hivyo, wenzake hawakuzama. Walishinda mechi zilizosalia, na mnamo Desemba 2 wakailaza Louisville 16-6 katika fainali ya muungano wao wa ACC. Kesho yake, kamati iliyokuwa wakati huo ikiteua timu nne za kuwania ubingwa wa kitaifa ikawaacha nje. Nafasi yao ilitwaliwa na Alabama iliyokuwa imepoteza mechi moja. Haikuwa imewahi kutokea kwamba bingwa wa mojawapo ya miungano mikuu, asiyeshindwa hata mara moja, anyimwe nafasi hiyo.

Uchungu huo ulizaa matunda mabaya. Zaidi ya wachezaji 20 hawakushiriki mechi ya mwisho dhidi ya Georgia, baadhi wakiwa wameumia, wengine wakihamia vyuo vingine au wakijihifadhi kwa ajili ya ligi ya kulipwa ya NFL. Florida State ilitandikwa 63-3. Aprili 2024, wachezaji wake kumi waliteuliwa na klabu za NFL.

Hapa ndipo msingi wa tatizo ulipo. Timu iliyoorodheshwa ya 10 mnamo Agosti 2024 ilibeba jina na sifa za kikosi ambacho, kwa kweli, hakikuwapo tena.

Msimu wenyewe

Pazia lilifunguliwa Agosti 24 mjini Dublin, Ireland, ambako Georgia Tech iliwashinda 24-21 kwa mkwaju uliopenya kati ya milingoti saa ya mchezo ilipokuwa ikiyoyoma. Wengi wangeweza kusema kwamba hiyo ilikuwa ajali ya kawaida michezoni. Lakini wakarudi nyumbani na kuchapwa 28-13 na Boston College, kisha 20-12 na Memphis, chuo ambacho hata hakimo katika mojawapo ya miungano mikuu. Ni katika mechi ya nne tu, dhidi ya California, ambapo walipata ushindi mwembamba wa 14-9.

Baada ya hapo mambo yalizidi unga. SMU iliwabwaga 42-16, Clemson 29-13, na Duke, ambayo haikuwa imewahi kuishinda Florida State katika historia yake yote, ikawalaza 23-16. Miami ikafuata kwa 36-14, North Carolina kwa 35-11, na hatimaye Notre Dame ikawanyeshea 52-3. Ushindi wa pili, wa 41-7, ulipatikana dhidi ya Charleston Southern, timu ya daraja la chini. Msimu ukahitimishwa kwa kichapo cha 31-11 kutoka kwa mahasimu wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida.

Ukijumlisha alama zote, utapata 185 katika mechi 12, yaani wastani wa alama 15 na ushei kwa mechi. Ukiiondoa mechi ya Charleston Southern, timu hiyo haikuwahi kupata zaidi ya alama 21 katika mechi yoyote. Hizo si takwimu za timu iliyokosa bahati siku moja au mbili. Ni dalili za ugonjwa uliokita mizizi.

Sababu zisizotosha

Yapo maelezo matatu ambayo hutolewa kwa wepesi. La kwanza ni majeraha. Ni kweli kwamba mrushaji mpya, DJ Uiagalelei, aliumia mkono katika mechi ya SMU na nafasi yake ikachukuliwa na vijana wasio na uzoefu. Ni kweli pia kwamba wachezaji kadhaa wa ukuta wa mbele, wale wanaomkinga mrushaji, waliumia. Lakini kufikia siku Uiagalelei alipoumia, timu ilikuwa tayari imepoteza mechi tatu kati ya nne. Jeraha halieleweki kuwa chanzo cha maradhi yaliyolitangulia.

La pili ni kocha. Mike Norvell alitupiwa lawama chungu nzima, na baada ya aibu ya Notre Dame aliwafuta kazi wasaidizi wake waliosimamia mashambulizi na ulinzi. Lakini kocha hasahau kazi yake kwa muda wa miezi minane. Maarifa aliyoyatumia kushinda mechi 13 ndiyo aliyokuwa nayo alipopoteza kumi.

La tatu ni lile la mgema na sifa zake. Mapema mwaka wa 2024, Nick Saban alipostaafu Alabama na jina la Norvell kuanza kutajwa miongoni mwa wanaoweza kumrithi, Florida State ilimpa mkataba mpya wa miaka minane wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Huenda kweli chuo kilijiona kimefika. Hata hivyo, majivuno pekee hayawezi kuizuia timu kufunga. Lazima tuchimbue zaidi.

Muda, si asili

Tangu mwaka wa 2021, wanafunzi wanamichezo nchini Marekani wameruhusiwa kupokea fedha kutokana na majina yao, na pia kuhama chuo kimoja hadi kingine bila kulazimika kukaa nje msimu mzima kama ilivyokuwa awali. Mabadiliko hayo yalizaa soko kubwa la uhamisho, na Florida State ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyolichangamkia mno.

Uiagalelei alifika Tallahassee baada ya kuchezea Clemson na Oregon State. Wengine waliletwa kutoka Alabama na Georgia, vyuo vyenye majina makubwa katika mchezo huo. Kwenye karatasi, kikosi kilimetameta.

Wapo wanaohitimisha kwamba kosa lilikuwa kutegemea wageni badala ya kuwakuza chipukizi. Hoja hiyo ina mvuto, ila haiafikiani na ukweli wa mambo. Kikosi kilichotamba 2023 nacho kilijengwa na wageni. Travis alitoka Louisville. Jared Verse, aliyekuwa mwiba kwa washambulizi wa timu pinzani, alitoka Albany, chuo kisichovuma katika mchezo huo. Trey Benson alitoka Oregon, na Johnny Wilson akatoka Arizona State.

Tofauti haikuwa asili ya wachezaji bali muda waliopewa. Travis alikaa Tallahassee kwa misimu mitano. Verse, Benson na Wilson walifika 2022, wakacheza pamoja misimu miwili. Norvell mwenyewe alishinda mechi tatu tu katika msimu wake wa kwanza wa 2020, tano mwaka uliofuata, kumi mwaka wa 2022, ndipo akafikia 13. Ilikuwa safari ya miaka minne, hatua kwa hatua. Hata Keon Coleman na Braden Fiske, waliojiunga 2023 na kung'aa papo hapo, waliingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imesimama. Walikuta nguzo, wakaongezea madirisha.

Mnamo 2024, nguzo zenyewe ziliondoka kwa pamoja, na chuo kikajaribu kuzisimika nyingine kwa miezi michache. Mrushaji mgeni ilimbidi ajifunze mwendo wa wapokeaji wapya, nao wajifunze wake. Katika mchezo ambapo mpira hurushwa kabla mpokeaji hajafika mahali pa kuupokea, mazoea hayo huamua kila kitu. Talanta hununuliwa kwa siku moja, bali maelewano hayauzwi popote.

Msimu wa 2025 ulilithibitisha hilo. Florida State ilileta mrushaji mwingine mgeni na wasimamizi wapya wa mashambulizi na ulinzi. Katika mechi ya kwanza iliishinda Alabama 31-17, mashabiki wakashangilia kurejea kwa enzi. Kisha ikaporomoka na kumaliza ikiwa imeshinda mechi tano na kupoteza saba. Vipaji vilitosha kwa siku moja kuu ila havikutosha kwa msimu mzima.

Nani hulipa gharama?

Wakubwa wana kinga. Kumfuta Norvell mwishoni mwa 2024 kungekigharimu chuo zaidi ya dola milioni 60, kwa hivyo alibaki, ingawa alikubali kuacha dola milioni 4.5 za mshahara wake wa 2025. Wanafunzi hawana kinga kama hiyo. Mchezaji asiyefua dafu huambiwa, waziwazi au kwa ishara, kwamba soko li wazi. Kijana wa miaka 20 hujikuta akibadilisha chuo, walimu, marafiki na masomo, na huko aendako hutarajiwa kufanya miujiza tangu wiki ya kwanza.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Kwa miongo mingi vijana wa Kenya wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo unaotokana na riadha. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Vyuo hivyo vilikuwa, pamoja na kasoro zake, mahali ambapo kijana alipewa miaka kadhaa ya kukomaa. Tangu mwaka wa 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki anayevuja jasho alipwe. Lakini anayelipwa leo hudaiwa matokeo leo, na mzazi wa Iten au Eldoret anayemwandaa mwanawe kwa safari hiyo anafaa kulijua hilo kabla ya kutia saini.

Kwa Florida State, dawa si kufunga mlango wa uhamisho, maana hakuna chuo kikubwa kinachoweza kushindana pasi na kuutumia. Dawa ni kuhakikisha kwamba kila mwaka sehemu kubwa ya kikosi inasalia, ili anayeingia akute wa kumwelekeza. Bobby Bowden, aliyeshika usukani wa timu hiyo kutoka 1976 hadi 2009, aliiongoza kwa misimu 17 kabla ya kuipa ubingwa wake wa kwanza. Leo hakuna kocha atakayevumiliwa kwa miaka hiyo yote. Lakini kati ya miaka 17 na miezi minane, pana nafasi kubwa ya kutafuta busara.