Kalamu nyekundu isikuvunje moyo

WAPO vijana wanaoanza masomo ya kutunga muziki wakiwa na furaha tele, na kabla muhula haujamalizika furaha hiyo huwa imewaisha. Wameimba kwaya tangu shule ya msingi na nyumbani watu huwasifu. Kisha wanakutana na somo la upatanifu wa sauti, yaani hamoni, pamoja na ndugu yake kauntapointi. Daftari linarudi limejaa wino mwekundu. Mwalimu ameandika kwamba ni kosa kuzipeleka sauti mbili sambamba zikiwa zimeachana kwa umbali wa noti tano. Mwanafunzi anashangaa: mbona nyanya huimba hivyo hivyo kijijini na hakuna anayemkosoa?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza tuelewane. Hamoni hutazama sauti zinazosikika pamoja kwa wakati mmoja. Kauntapointi hutazama jinsi kila sauti inavyosafiri na wimbo wake yenyewe bila kugombana na jirani. Ni kama watu wa nyumba moja: kila mmoja ana shughuli zake mchana, lakini jioni wote hukutana mezani.

Mwite dada au kaka yako mjaribu jambo hili. Yeye aimbe polepole: do, re, mi, re, do. Wewe, juu yake, uimbe so, la, ti, la, so. Mtasikia kama kwamba sauti yako imemezwa na yake, ukawa wimbo mmoja ulionenepa. Sasa rudieni, lakini wewe uanzie do ya juu, hivi: do, ti, do, ti, do. Yeye anapoanza kupanda, wewe unashuka. Anaposhuka kumalizia, wewe unapanda. Mara hii sikio latambua waimbaji wawili. Basi hiyo ndiyo sababu ya wino mwekundu. Noti tano si mbaya. Mwalimu alitaka kila sauti isimame kwa miguu yake.

Mafunzo haya yana umri mkubwa. Mwaka 1725 huko Vienna, Johann Joseph Fux alichapisha kwa Kilatini kitabu kiitwacho Gradus ad Parnassum, kilichoandikwa kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Alipanga kazi kwa hatua tano. Kwanza, noti moja dhidi ya noti moja. Pili, mbili dhidi ya moja. Tatu, nne dhidi ya moja. Nne, noti zinazocheleweshwa na kuvuka pigo. Tano, mchanganyiko wa hizo zote. Joseph Haydn alijifundisha kwa kitabu hicho, na Beethoven, aliyefika Vienna mwaka 1792 akiwa tayari mpiga piano hodari, aliketi kufanya mazoezi ya namna hiyo kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Turudi kwa nyanya. Yeye hakosei. Fux aliandika kwa kufuata mtindo wa nyimbo za kanisa za Palestrina wa Italia, aliyefariki mwaka 1594. Hakuwa akizungumzia ngoma za kwetu. Wagogo wa Dodoma, Tanzania, huimba sauti zikienda sambamba kwa umbali wa noti nne au tano, na utamu wa nyimbo zao umo humo humo. Tena lugha kama Kikuyu na Kijaluo hubadili maana ya neno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Ukiifanya sauti moja ipande na nyingine ishuke kwa neno lile lile, huenda mmoja wa waimbaji akawa anatamka neno jingine kabisa! Kwenda sambamba huhifadhi maana. Kiswahili hakina shida hiyo.

Kwa hivyo, kijana, jifunze kanuni hizi ukijua ni za nini. Zinanoa sikio, nawe baadaye utachagua mwenyewe mahali pa kuzifuata na mahali pa kuziacha. Wimbo wa Taifa letu ulitayarishwa mwaka 1963 na jopo la wataalamu watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Elimu ya darasani na wimbo wa nyumbani vilikutana, na kila mmoja wetu huusimamia.

Fanya zoezi moja fupi kila siku badala ya kumi usiku wa kuamkia mtihani. Kila unachoandika kiimbe, sauti moja baada ya nyingine. Simu ya siku hizi itakupigia noti zako zote bila kuchoka, lakini haitakuambia kama mwimbaji wa besi atapata pa kuvuta pumzi.

Nawe mzazi, ukimwona mwanao amejaza kurasa za noti zisizofanana na wimbo wowote, usidhani karo imepotea bure. Mwombe akuimbie sauti moja, nawe mshikie ile nyingine.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kumbuka pia: usiache mbachao kwa msala upitao. Jumapili njema.