Butembo: Tundu lililokwisha meno halijazwi na gundi

Katika garaji za mji wa Butembo, na katika zile za kando ya barabara ya taifa namba 2 kuelekea Lubero, wamotari wamezoea kusikia maneno haya: "Papa, buloni ya kulasi imekufa." Motari anainama, anatazama, anakuna kichwa. Makanika anachukua gundi, anaijaza ndani ya tundu, anarudisha buloni, anangoja ikauke. Jioni moto inawaka. Motari anatoa franka zake na kuondoka. Siku chache baadaye anarudi na ugonjwa ule ule, na makanika anachukua tena gundi.

Hayo si matengenezo. Ni kumuuzia mtu siku chache za safari kwa bei ya kazi iliyokamilika. Na wanaolipa ni watu wasio na franka ya kulipa mara mbili.

Tangu vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, familia nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Kuna mababa waliofika bila shamba, bila ng'ombe, bila nyumba, wakiwa na moto tu. Moto hiyo ndiyo shamba lao sasa. Ndiyo inayoleta unga wa muhogo, pesa ya nyumba na pesa ya shule ya watoto. Wengine hawana hata hiyo; wanaendesha moto ya mtu, na kila jioni mwenye moto anangoja pesa yake, injini iwe nzima au imekufa. Tena moto hiyo hiyo ndiyo inayobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku kumpeleka hospitalini. Kulasi ikifunguka mlimani giza likiingia, katika barabara ambayo hakuna anayetaka kulala, jambo hilo haliishii kwenye pesa. Ni la uhai.

Kwa hiyo inafaa kila mtu ajue kinachotokea ndani ya injini, ili asidanganywe.

Kulasi ni kichwa cha injini. Kinafunika silinda kwa juu, na kimeshikwa na buloni ndefu za chuma, mara nyingi nne. Juu ya kila buloni kuna nati. Chini, mguu wa buloni umeingia katika mwili wa injini, na mwili huo ni wa alumini. Esansi inapolipuka ndani ya silinda, inasukuma kulasi kwenda juu, maelfu ya mara kila dakika. Kazi ya buloni ni kuizuia. Chuma ni kigumu, alumini ni laini. Makanika akikaza kupita kiasi, buloni haiumii kwanza. Meno ya alumini ndiyo yanang'oka. Buloni inazunguka bila kushika kitu, na kulasi inabaki imeshikwa na tatu badala ya nne.

Kiasi ni kipi? Kila injini ina kitabu chake, na kitabu ndicho cha kufuatwa. Lakini buloni ya milimita 8 kwa kawaida inataka nguvu ya kama niutoni-mita 20 hadi 25. Kwa lugha ya nyumbani: chukua spana ya sentimita 20, ile makanika wanayoita kle, na utundike bidoni ya maji ya lita 10 kwenye ncha yake. Uzito huo, na kidogo zaidi, unatosha.

Sasa watu wapite garajini waone. Makanika anachukua kipande cha bomba, anakichomeka kwenye mkono wa spana mpaka urefu unafika sentimita 60, anavuta kwa mikono miwili huku ameweka mguu kwenye injini. Akivuta kwa nguvu ya kilo 30 tu, amezidisha ile ya bidoni mara 9. Mwenye moto anasimama pale akifurahi: "Kaza vizuri, fundi!" Hajui kwamba anashangilia kifo cha injini yake.

Wengi husema lawama ni ya viwanda vya India na Uchina. Si kweli. Hata moto za Ujapani, zile ambazo wazee wanazisifu, zina mwili wa alumini. Alumini inachaguliwa kwa sababu ni nyepesi na inatoa joto haraka. Bomba la garajini linavunja meno ya zote bila kuuliza zimetoka wapi.

Na gundi haiwezi kuwa dawa. Pale chini ya kulasi kuna joto kali, oili na mtikisiko usiokwisha. Gundi inalegea. Hewa inaanza kutoka pembeni: kwanza mlio mdogo wa "sii", kisha alama nyeusi kati ya kulasi na silinda, kisha moto inakosa nguvu kwenye mlima. Motari anasimama, anakaza mwenyewe nati zilizobaki, na hapo anaua meno ya buloni ya pili. Jointi inaungua, kulasi inapinda kwa joto. Tengenezo lililotaka tundu moja sasa linataka kulasi nzima. Wapo pia wanaojaza waya au kipande cha kopo ndani ya tundu, na wapo wanaogonga buloni nene zaidi kwa nyundo mpaka mwili wa injini unapasuka. Huo mwili ukipasuka, injini yote lazima ifunguliwe.

Dawa ya kweli inajulikana, na fundi yeyote mwenye subira anaiweza. Kulasi na silinda vinatolewa. Mdomo wa injini unazibwa kwa kitambaa safi, vumbi la alumini lisiingie ndani. Tundu lililokufa linapanuliwa kwa mashine ya kutoboa, wima kabisa, bila kuyumba. Kwa buloni ya milimita 8 yenye meno ya kawaida ya 1,25, meshi ni ya milimita 8,3. Kisha meno mapya yanakatwa kwa taro maalumu inayouzwa pamoja na springi zake, ikiwa imepakwa grisi ili ishike vumbi. Baadaye inaingizwa springi ya meno, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Helicoil: ni waya ya chuma kisichoshika kutu, iliyosokotwa kufuata meno ya buloni. Inashuka kidogo chini ya uso wa tundu, ncha yake ndogo inavunjwa na kutolewa kwa koleo. Buloni inarudi ndani ya chuma, si tena ndani ya alumini. Tundu hilo mara nyingi linakuwa na nguvu kuliko lilipotoka kiwandani.

Asiyepata springi anaweza kukata meno ya buloni ya milimita 10 na kuchongesha buloni yenye mguu wa 10 na mwili wa 8, ikiwa alumini iliyozunguka tundu ni nene ya kutosha. Njia zote mbili zinadai jointi mpya, injini iliyopoa, na nati kukazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, mizunguko mitatu, bila bomba.

Makanika watajibu kwamba vyombo ni ghali na mteja ana haraka. Jibu hilo lina ukweli. Hawa si wezi. Wengi walijifunza chini ya mti kwa kumtazama mkubwa wao, na bila wao mji huu ungetembea kwa miguu. Lakini meshi moja na taro moja hutengeneza moto nyingi sana. Garaji tano za barabara moja zikichanga, zinapata seti moja ya kuazimana, pamoja na spana moja yenye kipimo. Mashirika ya wamotari, yanayokusanya michango ya wanachama, nayo yanaweza kununua seti hiyo. Kama mchango unatosha kununua jile za rangi, unatosha kununua taro.

Na miradi inayofundisha vijana waliokimbia vita ufundi wa moto isijifiche. Sanduku lenye nyundo, bisibisi na spana, bila taro na bila spana ya kipimo, linamfundisha kijana kuvunja, halimfundishi kutengeneza. Kijana huyo kesho atatengeneza moto ya mkimbizi mwenzake.

Motari naye ana sehemu yake. Kabla ya kulipa aulize mambo mawili: tundu limewekwa nini, na nati zimekazwa kwa nini? Akijibiwa "gundi" na "bomba", achukue moto yake, hata kwa kuisukuma, aende garaji nyingine.

Mpaka hapo, anayelala njiani kati ya Lubero na Butembo na abiria mgonjwa asiambiwe tena kwamba ni bahati mbaya. Aambiwe nani alikaza, na bomba lake lilikuwa na urefu gani.