ZEGE SI ZEGE TU



Kila barabara ya kisiwa inapotanuliwa, magari husogea karibu na dirisha la mgonjwa na la mwanafunzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, na usiku 45. Basi akaaye kando ya barabara kuu ana haki ya kudai ukuta wa kumkinga. Ukuta usio na upenyo, ulio mrefu hata gari lisionekane kutoka dirishani, hupunguza takriban desibeli 5, na zaidi kila unapoinuliwa.

Lakini twauliza: ukuta wa namna gani? Wapo wasemao, "Zege ni zege." Sisi twakataa. Zege la kawaida hutegemea nondo, na hewa yetu ni ya chumvi. Chumvi hupenya zege, nondo hushika kutu, kutu hufura na kulipasua zege kutoka ndani. Mkandarasi akichanganya mchanga wa ufukweni usiooshwa, amekwisha panda maradhi kabla ya ukuta kukauka.

Dawa ipo. Mabamba ya ukuta hutiwa nyuzi fupi za polipropilini, zisizoshika kutu, au nyuzi za kioo, zikazuia nyufa zingali changa. Hata hapo tusidanganywe: kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji, kitakiwacho ni chenye zirkoni. Makumbi ya nazi nayo huharibiwa na ukali huo huo yasipotayarishwa. Nguzo na misingi bado vyahitaji nondo. Basi zifunikwe kwa zege lisilopungua milimita 50.

"Ghali!" watalia. Ukuta wa rahisi hujengwa mara mbili, na mara zote mlipaji ni mwananchi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wataka kutujengea ukuta wenye ufa ndani yake.

Kwa hivyo twadai: kabla ya zabuni kutolewa, itangazwe hadharani ni nyuzi gani, mchanga wa wapi, na nondo zitafichwa kina gani. Zege lipimwe mbele ya wananchi. Fedha ni ya umma, na usingizi ni wa umma.

Wanachama, isomeni karatasi hii barazani, kisha nendeni mkaulize. Atakayekasirika kwa kuulizwa, jueni ana analolificha.