Mdada kala wali wake peke yake Mabogini, kosa liko wapi?

Haya wadau, wiki mbili zilizopita picha iliyozunguka kwenye status za watu wa Moshi haikuwa ya harusi wala ya ajali. Ilikuwa ya mdada mmoja, jina liwekwe pembeni, kakaa peke yake kwenye mgahawa mdogo kule Mabogini. Mezani kuna wali, samaki, kachumbari na sambusa mbili. Basi, hakuna kingine. Juu yake mtu kaandika: "Kaachwa huyu."

Kufika jioni picha ilishamfikia shangazi yake, na shangazi kapiga simu kuuliza kama kwenye mahusiano kuna tatizo.

Mdada mwenyewe ni wa kope na kucha pale mjini, ana wafuasi wake wengi tu Instagram. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo starehe yake. Wiki nzima kashika mikono ya watu na kusikiliza ndoa za watu. Siku akipata nafasi anapanda daladala ya barabara ya TPC, anashuka Mabogini, anakaa meza ile ile. Anafuata wali wa mpunga wa pale pale, unaonukia kabla sahani haijatua, na perege wa Nyumba ya Mungu aliyekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama chipsi. Mama mpishi hamuulizi kitu zaidi ya "mwanangu, pilipili?"

Na kuna jambo aliyepiga picha hakuliandika. Chakula kilipofika, mdada aligeukia meza ya jirani akasema "karibuni". Wakajibu "asante, starehe". Halafu ndio wakatoa simu wakampiga picha ya kuibia! Sasa hapo mchoyo ni nani na asiye na adabu ni nani?

Wanaomtetea mpiga picha wanasema ni utamaduni, kwamba huku watu wamelelewa kula pamoja. Ni kweli kabisa. Mbege inazunguka kwa kata moja, ndafu inakatwa kila mtu apate, na wali wenyewe ulishazoea sinia. Hakuna anayebisha. Lakini mgahawa ule ule, saa ile ile, kuna bodaboda kala peke yake huku kofia ngumu iko kwenye kiti cha pembeni. Nani alimpiga picha? Kuna mzee wa makamo kila Jumapili yuko baa na nusu kilo yake na bia moja, anaangalia mpira. Huyo anaitwa "anatuliza akili". Kumbe utamaduni unakumbukwa siku mwenye sahani akiwa mwanamke kapaka lipstiki.

Halafu Mabogini na Japani ni ndugu kuliko watoto wa mjini wanavyojua. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ule uliofanya mpunga wa tambarare uwe biashara ya maana, ulijengwa kwa mkopo wa Japani ukakamilika 1987. Kituo cha mafunzo ya kilimo pale Chekereni, KATC, nacho kilianza 1994 kwa msaada wao hao hao. Sasa hao walioleta mifereji, kwao mtu kula peke yake ni jambo la kila siku. Anaingia kwenye kijimgahawa, anakaa kaunta akimtazama mpishi, anaagiza gyoza, yaani visambusa vyao vya nyama na kabichi vinavyokaangwa upande mmoja na kumaliziwa kwa mvuke. Anachovya kwenye sosi ya soya na siki, anakula, analipa, anasepa. Wana hadi tamthilia, Kodoku no Gurume, iko kwenye TV tangu 2012. Ni jamaa mfanyabiashara tu, akimaliza mizunguko yake anatafuta sehemu anakula mwenyewe. Hakuna mapenzi, hakuna bastola, na watu wanaangalia msimu baada ya msimu.

Si kwamba Japani hakuna upweke. Upo, mpaka serikali yao mwaka 2021 ilimpa waziri kazi ya kuushughulikia. Ila upweke na kiti kitupu ni vitu viwili. Huku kwetu kuna watu wanakaa meza moja sita, kila mmoja na simu yake, bili ikija ndio wanaangaliana usoni.

Wenye migahawa nao hawajasalimika. Mdada akiingia mwenyewe swali la kwanza ni "unamsubiri nani?" Akisema hasubiri mtu, anapelekwa kona ya karibu na choo. Nyama inaanzia nusu kilo, ndizi choma mpaka sahani nzima. Hela yake kwani ina harufu? Na bado hajaja yule kaka wa "dada mbona mpweke, nikupe kampani", ambaye hajaalikwa ila kiti kashavuta. Akijitolea kulipa bili, kila mdada wa mjini anajua bili hiyo ina salio. Ukimuuliza dada yeyote kwa nini hapendi kwenda kula mwenyewe, atamtaja huyo kaka kabla hajautaja upweke.

Aliyeweka ile status ameshaifuta, eti ilikuwa utani. Sawa. Lakini Jumamosi iliyopita mdada hakwenda Mabogini. Alimtuma bodaboda amletee. Chakula kikafika kimepoa, kachumbari imemwagikia samaki, akala nyuma ya pazia la saluni huku mteja anasubiri kucha zikauke.

Bodaboda naye alichelewa kidogo. Alipofika pale Mabogini alikaa kwanza, akaagiza wali wake, akala peke yake mpaka akamaliza. Hakuna aliyemuuliza anamsubiri nani.