Neno Gumu Sio "Photosynthesis", ni "Run"

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Kwanza ni neno gani la Kiingereza linamtesa. Atakutajia yale marefu: "photosynthesis", "evaporation", "perpendicular". Hata sisi wanachuo tuko hivyo hivyo. Tukipata desa jipya tunapigia mstari maneno yenye silabi sita, halafu "run", "set", "get" na "take" tunayapita kama vile hayapo. Hoja yangu ni kwamba tumeyageuza mambo. Maneno marefu ndiyo mepesi. Haya mafupi ndiyo yanayowaangusha watoto, na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaokuwa mbele ya ubao wakati wanaanguka.

"Photosynthesis" lina maana moja tu. Ukishaelezwa kwamba mmea unatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, umemaliza. Halitakugeuka kesho kwenye Historia. Mwalimu wa Baiolojia analiandika ubaoni, analifafanua, anachora na mchoro, na kwenye mtihani linakuja vile vile lilivyofundishwa.

Sasa njoo kwa "run". Katika toleo la pili la ile kamusi kubwa, Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na maana 430. Wahariri walipoendelea kuipitia upya kamusi hiyo, mwaka 2011 ikajulikana kwamba "run" limelipiku: likiwa kitenzi peke yake lina maana 645. Hilo ni neno la herufi tatu, ambalo mtoto anafundishwa shule ya msingi kwa maana moja tu, kukimbia.

Hakuna anayehitaji maana zote 645. Hata Mwingereza mwenyewe hazijui kwa hesabu. Lakini zipo kumi au kumi na tano ambazo huwezi kusoma kurasa mbili za kitabu chochote bila kukutana nazo, na Kiswahili kinazipa kila moja kitenzi chake. Mto uki-"run", unatiririka. Pua iki-"run", inatoka kamasi. Injini iki-"run", inafanya kazi. Rangi ya kitenge iki-"run" kwenye beseni, kitenge kinachuja. Basi liki-"run" kila baada ya saa moja, linafanya safari. Barabara iki-"run" kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, hakuna kinachosogea hata kidogo. Barabara imelala pale pale, inapita tu. Ukiambiwa "we have run out of chalk", chaki imetuishia. Ukiambiwa mtu ame-"run into" rafiki yake, wamekutana bila kutarajia. Ukiambiwa gari lime-"run over" mbuzi, mbuzi huyo kagongwa. Hapo sijagusa kompyuta, ambako kila programu ina-"run", wala kriketi, ambako "run" ni alama ya kuhesabia mchezo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu sisi na msimu wetu wa kampeni. Mmarekani akitaka urais, ana-"run". Mwingereza akitaka ubunge, kwa kawaida husemwa ana-"stand", yaani anasimama. Lugha ni ile ile na shughuli ni ile ile, ila mmoja anakimbia na mwingine kasimama. Sisi Waswahili hatukimbii wala hatusimami: tunagombea, na mzizi wake ni gomba, kuzozana. Kila mtu na jinsi alivyouona uchaguzi. Sasa mpe mtoto wa Kidato cha Pili sentensi inayosema "she ran for president" na orodha yake ya maneno inayosema "run = kukimbia", halafu umuulize huyo mama alikuwa anafanya nini. Atakwambia alikuwa anamkimbilia rais. Na kwa silaha uliyompa, yuko sahihi kabisa.

Hili si la kufikirika. Nikiwa TP mwaka jana, katika shule ambayo sitaitaja, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walipewa habari fupi ya ufahamu. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja: "She runs a small shop near the bus stand." Swali likawa: mama huyu anafanya kazi gani? Kijana mmoja akajibu kwa Kiingereza kisafi kabisa: "She is running to the shop every day." Kitenzi kimekaa sawa, kiima kimekaa sawa. Mwalimu wa somo akapiga mkasi mwekundu na pembeni akaandika neno moja, "Nonsense". Yule kijana ndiye aliyekuwa anaongoza darasa kwa Hisabati. Tangu siku ile, nilipouliza swali kwa Kiingereza aliangalia dawati.

Ndiyo maana siwezi kulichukulia hili kama utani wa msamiati. Watoto wetu wengi wanasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu ndani ya likizo moja tu wanahamia Kidato cha Kwanza, ambako Jiografia na Fizikia zote ni kwa Kiingereza. Maneno ya kitaalamu wanafafanuliwa kwa sababu yamo kwenye muhtasari wa somo. Maneno madogo hakuna anayeyafafanua, maana mwalimu wa Fizikia anaamini ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza anaamini yalishaisha shule ya msingi. Mtoto anabaki katikati. Anajua nguvu ya umeme ni nini, ila swali likisema "the machine was run for two hours" anaanza kujiuliza mashine imekimbilia wapi. Anakosa alama za Fizikia kwa kosa ambalo si la Fizikia. Mwisho wa yote anaitwa kilaza.

Wapo wanaosema dawa ni kuwakataza Kiswahili. Baadhi ya shule bado zina utaratibu wa kumvika kibao shingoni, au kumpa deki ya darasa, mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani. Mimi naona tunamnyang'anya chombo pekee alichokuja nacho. Maana hilo jambo la neno moja kubeba mizigo mingi, Mswahili amelijua tangu anajifunza kuongea. Tunacho kitenzi chetu kinaitwa piga.

Hebu angalia siku yako ya kawaida hapa chuoni. Unaamka unapiga mswaki. Unapiga deki chumba, unapiga pasi shati. Unapiga simu nyumbani kuulizia hela maana bumu limechelewa. Unapiga hodi kwa jirani, mnapiga stori, mnapiga picha. Jioni unapiga msuli kwa sababu hutaki kudisko, unapiga miayo, unapiga chafya kwa vumbi la maktaba. Uchaguzi ukifika unapiga kura, na uliyempigia kura akiingia madarakani akagusa mfuko wa serikali ya wanafunzi, tunamwita mpigaji. Katika hayo yote hakuna aliyepigwa ngumi. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa orodha ya "piga = beat" atadhani hili ni taifa linalochapa simu, mashati na meno yake. Sisi tunacheka. Lakini huyo mgeni na yule kijana wa duka la mama wako kwenye shimo moja, na aliyelichimba ni mtu aliyeamini kila neno lina mwenzake mmoja ng'ambo ya pili.

Na kuna daraja jingine, zuri zaidi. Kitenzi endesha. Tunaendesha gari, tunaendesha kikao, tunaendesha mradi wa kuku, tunaendesha mafunzo. Na mtu akila chipsi zilizolala, tumbo linamwendesha. Asili yake ni kwenda: kufanya kitu kiende, kisisimame. Hapo ndipo "run" nayo ilipojificha. Ndani ya maana zake nyingi kuna wazo moja la kitu kinachokwenda mfululizo bila kukatika: miguu, maji, mashine, basi, biashara. Mwanafunzi akishaliona hilo wazo, haanzi tena kutoka sifuri kila anapokutana na maana mpya. Anakisia, na mara nyingi anapatia.

Kwa hiyo tufanyeje? Sipendekezi somo jipya wala fedha za wafadhili. Napendekeza mambo matatu ambayo mwalimu anaweza kuyafanya na chaki tu.

La kwanza, tuache kabisa kuandika ubaoni neno moja, alama ya sawasawa, na neno moja. Neno liandikwe ndani ya sentensi. "Run a shop" ni kitu kizima, kama vile "piga pasi" ilivyo kitu kizima. Ukikikata katikati unabaki na vipande visivyofanana na chochote.

La pili, tuwafundishe watoto kuuliza maswali mawili kabla ya kutafsiri: nani au nini kinafanya kitendo hiki, na neno hili limeongozana na nani? Kama anayefanya ni mto, kuna uwezekano mdogo wa kuwa na miguu. Kama nyuma ya "run" kuna "out", tafuta kitu kilichoisha. Haya ni maswali ya upelelezi, na watoto wanayapenda kuliko unavyofikiri.

La tatu, tuwaruhusu wajibu kwa Kiswahili kwanza. Mwanafunzi aliyesema "anaendesha duka" ameonyesha kwamba ameelewa. Kumfikisha kwenye Kiingereza cha kujibia ni hatua inayofuata, na ni fupi. Aliyejibu kwa Kiingereza bila kuelewa hajaanza safari.

Najua nitaambiwa kwamba kipindi ni dakika 40 na darasa lina watoto 80, kwa hiyo hakuna muda wa kufukuzana na maana za neno moja. Lakini muda huo tunautumia tayari. Tunautumia kurudia mada ambayo haikueleweka, kusahihisha majibu ya kukisia, na kuadhibu. Dakika tano za "run" mwezi Januari zinaokoa masaa mwezi Septemba.

Wengine watasema tatizo kubwa ni lugha ya kufundishia yenyewe, kwamba tuhamie Kiswahili moja kwa moja hadi chuo kikuu. Huo mjadala naujua na nina upande wangu, lakini umeanza kabla hatujazaliwa na sidhani kama utaisha kabla hatujapangiwa vituo. Mtoto atakayekaa mbele yangu Jumatatu ya kwanza hawezi kusubiri sera. Na hata siku Kiswahili kikishika hatamu zote, Kiingereza kitabaki kuwa somo, na "run" itakuwa bado inamsubiri.

Nina ombi kwa wizara ya taaluma ya serikali yetu ya wanafunzi na kwa wenzangu wote wa ualimu, wa sayansi na wa sanaa. Kabla hatujatawanyika kwenda TP mwaka huu, tutenge jioni moja kwenye ukumbi wowote utakaokuwa wazi. Kila mtu aje na neno moja dogo la Kiingereza kutoka kwenye somo lake: "set" ya Hisabati na "set" ya jua linapotua, "table" ya kulia chakula na "table" ya takwimu, "power", "mean", "get", "up". Tuyaandike na sentensi zake, kila sentensi na Kiswahili chake, tutoe nakala, tugawane kama tunavyogawana desa za mitihani. "Run" nimeshalianza mimi, kurasa mbili, na zipo kwa yeyote atakayezihitaji.